Bakshishi za Tina

Khiem Luong alivua viatu, akavua soksi, akakunja suruali mpaka magotini, na kabla hajatumbukiza mguu kwenye beseni akawa ameshajuta kuja.

"Uwii!" Oanh, mwanamke mnene wa kiti cha pili, alishusha barakoa apate kutazama sawasawa. "Hii miguu au magogo? Mjomba, ulitoka Saigon kwa miguu?"

"Kwa meli."

"Basi wewe ndiye uliyekuwa ukiisukuma."

Saluni ikaangua kicheko. Khiem naye hakukubali kunyamaza. Akaonyesha kidole chini ya kiti. "Badala ya kucheka miguu ya watu, fagieni. Kucha za wateja wa jana bado zimelala hapa."

"Nyani haoni kundule," Oanh alisema, akaipandisha barakoa yake, akarudi kumsugua mteja wake kisigino.

Watu wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa Bi Nhan, mwenye saluni, mama wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kaunta akifuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Wa pili alikuwa Diem, binti aliyepiga goti mbele ya Khiem. Alimshika mguu kama mtu aliyeshika chombo cha kuazima, na tangu Khiem aingie hakuwa ameinua macho kumtazama Bi Nhan hata mara moja. Khiem alikiona hicho. Kazi yake ilikuwa kuona.

Hakuna aliyejua kwamba yule mzee mwenye magogo alikuwa mpelelezi wa Ofisi ya Kazi. Juzi yake simu ilikuwa imelia mezani kwake. Sauti ya mwanamke, imezibwazibwa, Kivietinamu cha kusini. "Saluni ya Bi Nhan, Barabara ya Bolsa. Bakshishi za kadi hazifiki." Kisha simu ikakatwa.

Sheria ya jimbo iko wazi kama mchana. Bakshishi ni mali ya aliyeifanyia kazi. Mteja akiilipa kwa kadi, mwenye saluni haruhusiwi kukata hata ile ada ya kadi, wala kuilaza mpaka ipite siku ya malipo inayofuata. Sheria nzuri. Wakubwa walioitunga walikata keki siku ya kuizindua, wakapigana picha, kisha wakaichapisha kwa Kiingereza na kuwapelekea watu ambao Kiingereza chao kinaishia kwenye majina ya rangi. Baada ya hapo wakakaa kusubiri wavunja sheria, na kila walipompata mmoja walishangaa.

Mkuu wake, Bwana Haskell, aliposikia habari ya ile simu alisugua viganja. Bajeti ya ofisi ilikuwa inajadiliwa wiki hiyo. "Saluni moja, mlango mmoja, utepe mmoja wa kufungia, na watu wa runinga," alisema. "Alasiri nitakuja nao. Wewe nenda ukahakikishe kuna mwizi."

"Na kama hayupo?"

"Khiem, watu wenu hawapigi simu bure."

Watu wenu. Miaka yote hiyo ofisini na bado.

Bibi mmoja Mmeksiko mwenye nywele nyeupe aliinuka kiti cha jirani, kucha zake zikimeta zambarau. Diem ndiye aliyekuwa amemhudumia kabla ya Khiem. Wote walimwita Bi Consuelo; aliwahi kuendesha basi la shule mpaka akastaafu. Alijikongoja hadi kwenye kaunta akatoa kadi. Juu ya kaunta palikuwa na tangazo la kuandikwa kwa mkono: BAKSHISHI PESA TASLIMU TU. ASANTE.

"Hilo tangazo lako linanichokoza kila nikija, Nhan," Bi Consuelo alisema. "Mimi pesa taslimu nimeziacha tangu niporwe mkoba. Na mashine yako yenyewe inaniuliza: bakshishi ya nani? Nami naijibu." Akabonyeza kioo. "Tina! Yako hiyo, mwanangu."

"Asante, bibi," Diem aliyaambia maji.

Bi Nhan alikuwa amegeukia ukutani. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

Bi Consuelo alipokwisha kutoka, Khiem alitoa miguu majini, akakanyaga taulo, akachomoa kitambulisho mfukoni.

"Ofisi ya Kazi," alisema. "Dada Nhan, naomba tukaongee nyuma."

Tupa ya Oanh ilisimama hewani. Diem alibaki amepiga goti mbele ya beseni tupu.

*

Nyuma ya kila saluni ya namna hii kuna chumba cha kulia, na ndani yake kuna jungu la wali la umeme lisilozimwa. Wafanyakazi hula pamoja, na mwenye saluni hula nao. Hapo palikuwa na meza yenye mabakuli manne yaliyokwisha kupangwa, samaki wa kukaanga katikati, mboga na mchuzi wake. Bakuli la tano lilikuwa peke yake, juu ya mashine ya kukaushia taulo.

"La nani lile?"

"Langu."

"Kwa nini liko kule?"

Bi Nhan alikunja mikono tumboni. "Zamani, kabla mtu hajatia kijiti cha kulia mdomoni, walikuwa wananiita: shangazi, karibu chakula. Siku moja hawakuniita. Nikadhani wamesahau. Kesho yake hawakuniita tena. Mtu mzima haambiwi mara tatu."

"Wanakuita mwizi."

"Hawajaniita. Ingekuwa nafuu wangeniita, ningejibu."

"Basi nijibu mimi. Bakshishi ya yule bibi inakwenda wapi?"

"Sijui."

"Mashine ni yako, dada."

"Mashine ni yangu, na sijui," Bi Nhan alisema, na sauti ikamshuka. "Nilinunua vitu vya saluni iliyokuwa inafungwa. Mwenyewe alikuwa amezeeka anakwenda kwa wanawe Teksasi. Viti, taa za kukaushia, mabeseni, na hiyo mashine ya kadi. Mashine ilikuja na majina yake. Kelly, Amy, Jenny, Tina. Kuyabadili kunataka kupiga simu. Nikipiga simu napigiwa muziki. Nikisubiri muziki uishe, inakuja sauti inaniuliza maswali kwa Kiingereza cha mbio, nikisema polepole tafadhali, inakata. Sasa ningefanyaje? Tukasema aa, tabu ya nini, sisi ndio tutayavaa majina. Oanh akawa Kelly. Diem akawa Tina. Wateja wakazoea."

Khiem hakucheka. Alikuwa ameona mengi, lakini watu kuajiriwa na mashine badala ya mashine kuajiriwa na watu, hilo lilikuwa jipya.

"Na bakshishi?"

"Za Kelly, Amy na Jenny huondoka, halafu hurudi kwangu zimekataliwa. Sijui zinakataliwa na nani. Zikirudi naziweka kwenye bahasha nyekundu, kila mtu na yake, Jumamosi nawapa. Nzima. Ada ya kadi nalipa mimi. Za Tina hazirudi."

"Ukamwambia Diem?"

"Nimwambie nini? Kwamba mimi niliyemfundisha kushika tupa sijui kutumia mashine yangu mwenyewe? Nikabandika tangazo. Nikasema watu wakilipa taslimu, mambo yataisha yenyewe."

"Hayakuisha."

"Hayakuisha."

Khiem alimtazama. Hadithi kama hii alishasikia nyingi, na nyingi zilikuwa na gari jipya nje. "Lile gari jeupe mlangoni, lenye plastiki bado kwenye viti?"

"La daktari wa meno wa hapo jirani. Langu ni lile lililofungwa taa kwa gundi."

Alirudi mbele. Akamsogelea Oanh, akamwuliza chinichini kama analipwa bakshishi za kadi. Oanh, ambaye sasa utani wote ulikuwa umemtoka, alitoa mkobani bahasha nyekundu ya Jumamosi iliyopita.

"Nzima?"

"Nzima. Nilipiga hesabu mwenyewe, mjomba, mimi si mtu wa kuibiwa."

"Kama wewe hukuibiwa, mbona humwiti dada Nhan mezani?"

Oanh alitazama kucha zake. "Diem alilia chooni. Ungekuwa wewe ungekula na nani?"

Hapo jambo moja likanyooka. Aliyepiga simu hakusema bakshishi zinakatwa, wala zinachelewa. Alisema hazifiki. Katika saluni ile nzima, ambaye hazimfikii ni mmoja.

Diem alikuwa akifuta kiti ambacho Khiem alikuwa amekikalia.

"Ulinipigia kutoka chooni," Khiem alisema.

Kitambaa kikasimama. "Mjomba ulijuaje?"

"Tangazo la ofisi yetu mmelibandika wapi?"

"Juu ya sinki la chooni." Akajaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Sikulielewa. Nilisoma namba tu."

"Binti, ulifanya haki yako."

"Alinipokea uwanja wa ndege," Diem alisema. "Nilikuwa na begi moja na kikohozi. Nikalala kwake, nikala kwake, akanilipia mtihani wa leseni. Mwaka mzima kila akinitazama nasema moyoni, shangazi, unaniibia kwa mkono uleule ulionilisha. Nikashindwa kumwuliza usoni. Nikaenda kumsema kwa mtu nisiyemjua." Akafuta pua kwa kiwiko, mikono ikiwa na sabuni. "Mtaifunga?"

"Pesa ikikutwa kwake."

"Na isipokutwa?"

Khiem alimjua Haskell. Isipokutwa, saluni itafungwa wakati inatafutwa, na watu wanne watakaa nyumbani wakila samaki wa kuhesabu vipande, na Bi Nhan atapita sokoni watu wakimwachia njia kama mwenye ukoma. Baadaye sana itakuja barua ya kumsafisha, kwa Kiingereza.

*

Alikwenda kwenye kaunta. "Dada, nitozeni za miguu yangu. Nitalipa kwa kadi, na bakshishi nitampa Tina. Tuifuate inakokwenda."

Bi Nhan alimgeuzia mashine. Majina manne yalikuwa yamepangwa kwenye kioo. Pembeni ya Tina, kwenye fremu ya plastiki, palikuwa na ua dogo la karatasi la kubandika, la manjano, petali tano. Ua la mai, lile linalochanua mwaka mpya wa nyumbani. Kingo zake zilikuwa zimechakaa kwa kuguswa.

"Nani alilibandika hili?"

"Ilikuja nalo," Bi Nhan alisema.

Khiem aliligusa kwa ncha ya kidole.

"Aliyekuuzia, saluni yake ilikuwa wapi?"

"Kule njia ya kwenda ufukweni. Karibu na kituo cha mafuta."

Kabla hajauliza la pili mlango ulifunguliwa. Alikuwa Toai, fundi simu mwenye kibanda mlango wa tatu, kipara chake kiking'aa, miwani ya kukuzia bado iko kwenye paji la uso. Asubuhi, kabla ya kuingia saluni, Khiem alikuwa amemwachia simu ya marehemu mkewe. Jumapili ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha Thuc, mwaka wa tatu, na picha pekee aliyokuwa akicheka ilikuwa ndani ya simu hiyo, nayo ilikuwa na namba ya siri asiyoijua mtu. Miaka mitatu Khiem aliiweka kwenye meza ya ubani, mbele ya picha yake ya kitambulisho, akaiacha kwenye chaji. Mara kwa mara ililia ting. Khiem alikuwa ameilaza kifudifudi. Matangazo, alisema, makampuni hayo hata ukiwaambia mtu amekufa yataendelea kumwuzia.

"Kaka, imefunguka!" Toai alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusifiwa. "Ulinipa tarehe za kila mtu. Ya kwake, ya watoto, ya harusi. Zote zikagoma. Nikachukua ile leseni ya udereva uliyoniachia rehani, nikajaribu ya kwako. Ikafunguka kama mlango wa bafu. Mtu na siku yake ya kuzaliwa, ukashindwa kuijaribu?"

Akaiweka simu juu ya kaunta, kifudifudi kama alivyopewa. Mgongoni palikuwa na ua la karatasi la kubandika, la manjano, petali tano.

Bi Nhan aliliona. Alitazama simu, akatazama mashine.

Khiem hakutazama popote. Aligusisha kadi. Akabonyeza Tina.

Ting.

"Ujumbe, mjomba," Oanh alisema kutoka kwenye kiti chake, akijaribu kuuleta utani tena, maskini, kwa nia njema. "Mke anakutafuta."

Toai alimkata jicho. Oanh hakuelewa.

"Nitozeni tena," Khiem alisema.

"Ushalipa, mdogo wangu," Bi Nhan alisema taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Nitozeni tena."

Akagusisha. Akabonyeza.

Ting.

Aliigeuza simu. Tina, umepokea bakshishi. Tina, umepokea bakshishi. Na juu yake nyingine, ya muda mfupi uliopita, ya Bi Consuelo. Na juu yake nyingine, na nyingine. Alipandisha kwa kidole gumba, na zikapanda, na hazikwisha. Katikati yake, hapa na pale, ujumbe wa namna nyingine kutoka benki ileile: umeme umelipwa. Maji yamelipwa. Simu imelipwa.

Mambo yalijipanga yenyewe, na hakuna upelelezi uliohitajika tena. Mwenye saluni ya zamani alikuwa mtu wa sheria. Aliipanga mashine yake ili kila bakshishi ya kadi iende moja kwa moja kwenye akaunti ya aliyeifanyia kazi, mkono wake usiiguse. Kelly, Amy na Jenny wa zamani walihama na kufunga akaunti zao, ndiyo maana pesa zilirudi zimekataliwa. Tina hakufunga yake. Tina alikufa. Akaunti ilikuwa ya wawili, mke na mume, na mume hakwenda benki kusema, kwa sababu alipokwenda mara ya kwanza walimpa fomu na foleni, naye akawatukana na kuondoka.

Nyumbani kwao mke ndiye aliyekuwa waziri wa fedha. Khiem alimkabidhi mshahara, na yaliyobaki hakuyauliza. Thuc alipofariki, umeme haukukatika. Maji hayakukatika. Ofisini, chakula cha mchana, alikuwa akiwaambia wenzake huku akigonga meza: mke wangu aliacha akiba, si kama wake zenu. Saluni ya njia ya ufukweni aliijua kwa nje tu. Alikuwa akimshusha kona, kisha anageuza gari. Hakujua kwamba akishaingia mle ndani huitwa Tina.

"Mjomba?" Diem alikuwa amesogea. "Umempata?"

"Nimempata."

Mlango ukafunguliwa.

*

Bwana Haskell aliingia na jua mgongoni, tai ya bluu, mkunjo wa utepe mwekundu mkononi. Nje, vijana wa runinga walikuwa wakisimika kamera mbele ya duka la vitumbua.

"Haya," alisema kwa Kiingereza. "Yuko wapi huyo mama?"

"Saluni haikuchukua kitu," Khiem alisema. Akamweleza, maneno machache, macho yakiwa kwenye kioo cha mashine. Alipofika kwenye jina la akaunti, Haskell alimshika kiwiko akamvuta hadi kwenye rafu ya rangi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama mwenye saluni ameona. Fundi simu ameona."

"Wanajua Kiingereza?"

"Cha kutosha."

"Sikiliza. Wewe hukujua, na mimi sikusikia. Tutaandika kosa la mtambo. Utazirudisha kimyakimya, nami nitakuhamishia masjala mpaka ustaafu. Umenielewa? Mpelelezi wa bakshishi anayekula bakshishi! Wiki ya bajeti!" Akatazama juu ya kaunta, akaliona lile tangazo. "Na lile pale? Anawakataza wateja kutoa kwa kadi, na zile zinazolipwa hazifiki. Sheria inasema yeye ndiye wa kuhakikisha zinafika. Hilo linanitosha kufunga mlango."

"Linatosha kumwandikia onyo na kumsaidia kubadili majina."

"Khiem." Haskell alielekeza kidole gumba dirishani. "Kamera ziko nje. Zitapiga picha ya nini?"

Khiem alikuwa bado hajavaa viatu. Alisimama pale na suruali iliyokunjwa mpaka magotini, miguu yake, laini kwa mara ya kwanza tangu ujana, ikiacha alama za maji sakafuni. Aligeuka, akawakabili wale wanawake, akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha nyuma:

"Dada Nhan. Wadogo zangu. Mwizi hayumo katika nyinyi. Zile bakshishi za Tina zimekuwa zikiingia kwangu. Tina wa kwanza alikuwa mke wangu, Ngo Thi Thuc. Alikufa, mimi nikabaki nawasha taa kwa jasho la huyu binti, na nikajisifu. Dada Nhan hakuchukua hata senti. Mliyekuwa mnamnyima chakula ni yeye, na mliyemwosha miguu ni mimi."

Toai alivua miwani yake ya kukuzia akaanza kuifuta. Oanh alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, juu ya barakoa. Alikuwa amelikumbuka lile neno lake la mke anakutafuta. Diem alitazama chini. Wote walitazama chini, kama watu wanavyofanya mzee akivuliwa nguo mbele yao.

"Umewaambia nini?" Haskell aliuliza.

"Jina la mke wangu."

"Na nini kingine?"

"Nenda nje ukawaambie wenye kamera hakuna mlango wa kufunga," Khiem alisema. "Au nitoke mimi nikawaambie waliyekuja kumpiga picha ni nani. Mimi viatu si lazima."

Haskell alimtazama, akatazama ile miguu. Akausokota utepe mpaka ukaenea ndani ya ngumi. "Jumatatu usije ofisini," alisema. "Tutakuita." Akatoka. Kupitia dirishani walimwona akizungumza na vijana wa runinga, akitabasamu, akiwaonyesha kwa mkono mzima saluni nyingine ng'ambo ya barabara.

Bi Nhan alipanda kistuli akabandua tangazo lake. Alilikunja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kabisa, akaliweka mfukoni mwa aproni. Hakumtazama Khiem. Alikwenda nyuma.

Diem alimfuata. Mlango wa chumba cha kulia ulibaki wazi, na Khiem, aliyekuwa ameinama akitafuta soksi zake chini ya kiti, aliona yote bila kutaka. Binti alilichukua lile bakuli juu ya mashine ya taulo. Akalipangusa kwa upindo wa nguo yake, akalijaza wali, akaweka kipande cha samaki cha shingoni, kile kinono, akalileta mezani kwa mikono miwili.

"Shangazi," alisema, na sauti ikamkatikia njiani, ikabidi aanze upya. "Shangazi, karibu chakula."

Bi Nhan alisimama. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka kama ya mtoto aliyeahidiwa kitu. "Haya," alisema. "Haya, mwanangu. Nakula." Akavuta kiti.

Oanh alijipenyeza akaketi, na wengine wakaketi, bila mtu kumtazama mwenzake. Kukawa na mlio wa vijiti na mabakuli tu.

Khiem alikuwa amevaa soksi moja. Simu ya Thuc ilikuwa juu ya kaunta karibu na mashine, maua mawili ya manjano yakitazamana. Aliichukua, akainyoosha kumpa Toai. "Nizimie hizi jumbe. Sijui zinazimwa vipi."

"Nakuzimia. Lakini benki lazima uende mwenyewe, kaka."

"Najua."

Hatua laini zilimfika mgongoni. Alikuwa Diem, ameshika bakuli la sita, lenye mvuke, kwa mikono miwili vilevile. Macho yake yalikuwa kwenye kifungo cha shati la Khiem, hayakuthubutu kupanda juu zaidi.

"Mjomba," alisema, "karibu chakula."

Kwa desturi yao jibu ni moja tu, nakula, na hata mtoto mdogo analijua. Khiem alifungua mdomo ajibu. Alishika kiatu kwa mkono mmoja na kitambulisho cha ofisi kwa mkono wa pili, na bakuli lile haliwezi kupokelewa ila kwa mikono yote miwili, na binti alisubiri, na mvuke ukapungua, na yeye hakujua aweke chini nini kwanza.